Bwawa jipya halitaki sumu

Katika teritware za Masisi na Walikale, mashariki mwa Kongo, bwawa la samaki huchimbwa kwa jembe, koleo na nguvu za jamaa. Maji yakishaingia na vifaranga vya tilapia kumwagwa, mwenye bwawa husubiri. Wiki chache baadaye anakuta nyuzi za kijani, laini kama nywele zilizolowa, zimetanda ukingoni. Jirani anamshauri atafute dawa. Sisi tunasema asiitafute.

Nyuzi hizo ni mwani. Hauletwi na mkono wa mbaya wako. Unaletwa na mwanga na mbolea. Maji ya bwawa jipya ni maangavu, na pale penye kina kifupi jua hupenya hadi chini. Mwani huanzia huko topeni, kimyakimya. Jua likiwaka, vipovu vya hewa unavyotoa hunaswa katikati ya nyuzi, na zulia zima huinuka likaelea. Ndiyo maana mtu huapa kwamba jana halikuwapo. Vifaranga hukwama humo, na siku ya kuvua wavu hauvutiki.

Wengi wakiona hivyo huongeza samadi, wakidhani samaki wana njaa. Samadi hiyo huliwa na nyuzi.

Kinachofaa ni kazi ya mikono. Zivute kwa reki au kwa mti wenye panda, uzipeleke kwenye shimo la mboji lililo mbali, mvua isizirudishe majini. Ongeza kina, hata ukingoni maji yasipungue sentimita 60. Hapo ndipo utie samadi, kidogo, ikiwa imezungushiwa uzio wa miti kwenye pembe moja ya bwawa. Maji yataanza kugeuka kijani, na kijani hicho usikiogope. Huo nao ni mwani, ila wa chembe ndogo mno zinazoelea; tilapia huula, na kivuli chake huzinyima mwanga nyuzi za chini.

Kipimo unacho mwilini. Zamisha mkono wima mpaka kiwiko. Ukiona vidole vyako vyote, maji bado ni maangavu mno. Kiganja kikipotea machoni muda mfupi kabla maji hayajagusa kiwiko, bwawa liko sawa. Kikipotea maji yakiwa bado kwenye kifundo cha mkono, umezidisha.

Kuzidisha ni rahisi. Masisi ni nchi ya malisho, samadi ya ng'ombe haitafutwi mbali. Walikale ng'ombe ni wachache, lakini joto la bondeni huozesha haraka pumba na mabaki ya mihogo yanayotupwa majini. Mchana mwani hutoa oksijeni. Usiku huivuta pamoja na samaki, na kabla ya mapambazuko ndipo inapobaki kidogo kabisa. Ukifika saa kumi na moja alfajiri ukakuta samaki wamepanda juu, midomo wazi, simamisha samadi na chakula siku hiyohiyo na ufungulie maji mapya kutoka mtoni. Ukichelewa, utaokota samaki waliokufa.

Sasa kuhusu dawa. Sulfati ya shaba huua mwani kweli, na kwenye maji yenye upungufu wa chokaa huua samaki pia, hata kwa kipimo kidogo. Dawa za kuulia magugu shambani hazikutengenezwa kwa ajili ya maji ambayo familia itakula samaki wake. Na hata samaki wakinusurika sumu yenyewe, mwani uliokufa wote kwa pamoja huoza na kumaliza oksijeni. Mbolea iliyoulisha inabaki palepale, nao unaota upya.

Kanuni hii, kwamba mwani hufuata mbolea, haibagui. Wanaofuga matumbawe ndani ya matangi ya kioo yenye maji ya chumvi, huko Ulaya na Marekani, hupambana miezi ya kwanza na utando wa kahawia kisha nywele za kijani. Wana vipimo vya naitreti na fosfeti na taa za bei kubwa, lakini ushauri wa wazoefu wao ni uleule: punguza chakula, badilisha maji, ng'oa kwa mkono, weka konokono wa kula mwani, vumilia. Na Ghuba ya Winam, upande wa Kisumu katika Ziwa Victoria, hugeuka kijani kibichi kwa sababu ya mbolea na maji machafu yanayotiririka kutoka mashambani na mijini.

Kwa kuwa oksijeni huwa kidogo kabla ya mapambazuko, tunawaomba maagronomu wa teritware wafike bwawani alfajiri pale usalama unaporuhusu. Ukaguzi wa saa sita mchana hukuta oksijeni tele na tatizo limejificha. Pale ambapo barabara haipitiki au bunduki zimefunga njia, redio za jamii zichukue kazi ya kufundisha: kipimo cha kiwiko kinaelezeka kwa dakika mbili, kwa Kiswahili, Kinyanga, Kihunde au Kinyarwanda.

Nawe mwenye bwawa, fedha uliyotenga kwa ajili ya dawa nunulia reki.