Mafindofindo, Nasaba na Moyo

Homa ya baridi yabisi huanzia kooni. Mtoto hupata mafindofindo yanayoletwa na bakteria aina ya streptokoka wa kundi A. Koo hupona, lakini wiki mbili au tatu baadaye viungo huvimba, na kinga ya mwili huanza kuushambulia moyo wenyewe. Shambulio likijirudia, milango ya moyo, yaani valvu, hupata makovu na kushindwa kufunga au kufunguka sawasawa. Mwaka 2015 watu wapatao milioni 33 duniani waliishi na maradhi hayo, na zaidi ya 300,000 walifariki kwa sababu yake.

Karibu watoto wote huugua koo, ila wachache tu huharibika moyo. Umaskini na msongamano wa nyumba hueleza kwa nini bakteria huenea. Havielezi kwa nini, kati ya ndugu wanaolala chumba kimoja, mmoja huumia na mwingine husalimika. Sehemu ya jibu imetoka kwa pacha. Uchambuzi wa mwaka 2011, uliojumlisha jozi 435, ulionyesha kuwa kwa pacha wanaofanana, mmoja akiugua homa hiyo, mwenzake naye huugua katika asilimia 44 ya jozi. Kwa wasiofanana ni asilimia 12 tu.

Jeni zilizochunguzwa kwa muda mrefu zaidi ni zile za HLA, zilizo katika kromosomu ya 6. Hizo hutengeneza protini zinazobeba vipande vya bakteria na kuvionyesha kwa seli za kinga, ili zijue nani ni adui. Ni miongoni mwa jeni zinazotofautiana sana kati ya mtu na mtu, na kila aina hushika vipande vyake. Streptokoka nao wana protini M, yenye sehemu zinazofanana na miosini, protini ya msuli wa moyo. Mtu ambaye HLA yake hushika sehemu hizo hasa huenda akazifunza seli zake kumtambua adui kwa sura ambayo moyo pia unayo.

HLA haiko peke yake. Mwaka 2017 utafiti wa visiwa vya Pasifiki uligundua kuwa aina moja ya jeni ya kingamwili iitwayo IGHV4-61, katika kromosomu ya 14, huongeza hatari kwa takriban mara 1.4 kwa kila nakala. Barani Afrika, utafiti wa RHDGen, ulioongozwa na marehemu Profesa Bongani Mayosi wa Cape Town, ulikusanya sampuli katika nchi nane, Kenya na Uganda zikiwemo. Matokeo yake ya mwaka 2021 yalionyesha, kwa Waafrika weusi, alama ya hatari katika kromosomu ya 11, tofauti na ile ya Pasifiki. Kwa hiyo ramani iliyochorwa kwa damu ya watu wa mbali haitoshi kwa bara hili, na kila sampuli inayokusanywa hapa ina thamani yake.

Hata hivyo, mara 1.4 si hukumu. Wengi wenye aina hiyo ya IGHV4-61 hawaugui kamwe, na kipimo cha jeni hakifai kuamua mtoto yupi apewe dawa na yupi aachwe. Sindano ya penisilini haiulizi nasaba. Katika jaribio lililofanywa kaskazini mwa Uganda kwa watoto ambao ugonjwa wa moyo ulikuwa bado katika hatua ya awali, ugonjwa uliendelea kwa asilimia 0.8 tu ya waliochomwa sindano kila baada ya wiki nne kwa miaka miwili; kwa wasiochomwa, ilikuwa asilimia 8.2.

Elimu ya jeni inahitajika zaidi kwenye chanjo. Katika miaka ya 1960, baadhi ya watoto waliopewa chanjo ya majaribio ya streptokoka nchini Marekani walipata homa ileile iliyokusudiwa kuzuiwa, na kuanzia 1979 hadi 2006 sheria ya huko ilizuia chanjo za aina hiyo. Watafiti wa sasa huchagua vipande vya protini M visivyofanana na moyo. Kujua vipande vipi ni salama kwa mtoto wa Gulu au Kisumu kunategemea kujua HLA yake hushika vipi.