Anayelipia Petroli ya Kirikuu Siye Anayelipia Plagi

Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji, EWURA, hutangaza bei kikomo za mafuta, na siku hiyo maegesho ya virikuu pale Mabibo, Ilala na Temeke huwa na mada moja tu. Bei imepanda kwa kiasi gani? Imeshuka kwa kiasi gani? Mwaka 2022, petroli ilipovuka shilingi 3,000 kwa lita jijini Dar es Salaam, serikali ililazimika kutoa ruzuku ya shilingi bilioni 100 kuanzia Juni kupunguza makali. Tangu hapo dereva wa gari dogo la mizigo amezoea kuitazama bei kama mvua: inakuja ikitaka, inaondoka ikitaka.

Bei kweli haiko mikononi mwake, lakini idadi ya lita iko mikononi mwake na mwa tajiri wake. Hapo ndipo pana tatizo ambalo halizungumzwi vya kutosha. Virikuu vingi mijini huendeshwa kwa mtindo wa hesabu: dereva anampelekea mmiliki kiasi cha fedha walichokubaliana kwa siku au kwa wiki, petroli ananunua yeye kutoka kwenye mapato, na matengenezo makubwa ni juu ya mmiliki. Plagi mpya zikifungwa, faida yake yote inaingia mfukoni mwa dereva, gharama yake yote inatoka mfukoni mwa tajiri. Basi tajiri anaona hana haraka, na dereva anaona si gari lake. Gari linaendelea kunywa.

Kirikuu chenyewe hakikuundwa kuwa mlafi. Suzuki Carry, ambayo ndiyo Watanzania wengi humaanisha wakisema kirikuu, ilianza kutengenezwa Japani mwaka 1961, na hadi leo inatii sheria za huko za magari madogo: injini isiyozidi sentimita za ujazo 660, nguvu isiyozidi farasi 64, urefu usiozidi mita 3.4, upana usiozidi mita 1.48, na mzigo usiozidi kilo 350. Silinda zake ni tatu tu, kwa hiyo hata plagi ni tatu. Gari la namna hiyo likianza kunywa petroli kama lori, kuna kitu kimeharibika, au kuna mtu analitumia vibaya.

Ugumu ni kwamba wengi hawajui linakunywa kiasi gani. Dereva huweka mafuta ya elfu kumi asubuhi, ya elfu tano mchana, tena ya elfu kumi jioni taa ya tangi ikiwaka. Kwa uwekaji huo hakuna awezaye kusema kirikuu chake kinakwenda kilomita ngapi kwa lita moja. Dawa yake haihitaji fundi: jaza tangi hadi juu, andika namba ya kilomita kwenye daftari, fanya kazi kama kawaida, kisha jaza tena hadi juu na uandike lita zilizoingia. Gawanya kilomita kwa lita. Ukirudia mara tatu au nne, utakuwa na namba ya kuaminika. Kuendesha taa ikiwaka kila siku kuna hasara nyingine pia, kwa sababu kwenye magari ya sindano, yaani yasiyotumia kabureta, pampu ya petroli imo ndani ya tangi na hupozwa na petroli hiyohiyo; tangi likiwa karibu tupu, pampu inapata joto na kuchakaa mapema.

Tuseme gari linatembea kilomita 2,600 kwa mwezi. Likienda kilomita 12 kwa lita, linahitaji karibu lita 217. Likienda kilomita 14, linahitaji karibu lita 186. Tofauti ni lita 31, na kwa bei ya shilingi 3,000 hizo ni shilingi 93,000 kila mwezi. Kilomita mbili tu kwa lita.

Zinapatikana wapi kilomita hizo mbili? Kubwa kuliko yote ni mguu wa dereva. Wizara ya Nishati ya Marekani inakadiria kwamba uendeshaji wa pupa, yaani kuondoka kwa kishindo na kufunga breki kwa ghafla, unaweza kupunguza umbali wa gari kwa lita kwa asilimia 10 hadi 40 kwenye foleni za mjini. Anayeendesha Barabara ya Mandela saa kumi na mbili jioni anaweza kuona jambo hilo kwa macho: gari linakimbizwa mita hamsini, linasimamishwa, linakimbizwa tena. Kila breki inageuza petroli iliyokwisha kulipiwa kuwa joto. Dereva anayeacha nafasi mbele yake, akaachia mafuta mapema anapoona taa nyekundu, anafika wakati uleule na tangi lenye petroli zaidi.

Kwenye barabara kuu, adui ni upepo. Ukinzani wa hewa hukua kwa kipeo cha pili cha mwendo, kwa hiyo kutoka kilomita 70 kwa saa hadi 100, nguvu ya upepo dhidi ya gari huongezeka karibu mara mbili. Kirikuu kina uso uliosimama wima, na wengi wameongeza juu ya bodi vyuma vya kuzuia mzigo pamoja na turubai linalopepea. Injini ya 660 inayosukumwa kwenda kasi kutoka Chalinze hadi Dar inalia muda wote, na petroli inakwenda na sauti hiyo. Wapo pia wanaoteremsha mlango wa nyuma wa bodi wakidhani hewa itapita vizuri. Majaribio ya magari ya pikapu yameonyesha kinyume: mlango ukifungwa, hewa hujizungusha ndani ya bodi na kuwa mto ambao upepo wa juu huteleza juu yake. Ufungwe.

Halafu kuna nyutro. Huu ni ushauri wa hatari unaorithishwa kutoka dereva hadi dereva: ukifika mteremko, weka gia huru, gari litashuka bure. Kwa magari ya sindano, ambayo ni sehemu kubwa ya virikuu vya miaka ya 2000 na kuendelea, si kweli hata kwa hesabu ya petroli. Dereva anapoachia mafuta gari likiwa kwenye gia, kompyuta ya injini hukata petroli, kwa kuwa magurudumu yenyewe ndiyo yanayoizungusha injini. Akiweka nyutro, injini lazima ichome petroli ili isizime. Anapoteza mafuta, anapoteza na msaada wa injini katika kupunguza mwendo, kisha mzigo wote unaachiwa breki ambazo zikipata moto hazishiki. Nchini Kenya, eneo la Salgaa kwenye barabara ya Nakuru kwenda Eldoret lilijipatia sifa mbaya ya ajali, na kushuka kwa nyutro ili kubana mafuta ni miongoni mwa sababu zilizotajwa mara nyingi. Mteremko wa Kitonga mkoani Iringa hauna huruma zaidi ya ule wa Salgaa. Hakuna lita inayostahili bei hiyo.

Gereji nako kuna mazoea yanayokula mafuta kimyakimya. La kwanza ni kung'oa thamostati. Gari likichemsha, fundi wa haraka huitoa na kusema Afrika kuna joto, haihitajiki. Thamostati ndiyo inayoifanya injini ifikie joto lake la kazi na kubaki hapo. Ikitolewa, injini inaweza kukaa baridi kupita kiasi, na kompyuta, ikidhani gari ndiyo kwanza limewashwa, inaongeza petroli safari nzima. La pili ni kupuuza taa ya injini kwenye dashibodi. Kurekebisha sensa ya oksijeni iliyokufa, kwa makadirio ya wizara hiyohiyo ya Marekani, kunaweza kuongeza umbali wa gari kwa lita hadi asilimia 40. La tatu ni kumwaga oili nzito kuliko iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari kwa imani kwamba nzito ndiyo imara. Hiyo inakula asilimia 1 hadi 2. Ea klina iliyoziba vumbi ina madhara zaidi kwenye magari ya kabureta, ambayo bado yapo mengi vijijini.

Matairi ni jambo la dakika tano. Kila pungufu ya psi moja kwenye matairi yote hupunguza umbali kwa takriban asilimia 0.2, hivyo pungufu ya psi kumi ni asilimia 2, mbali na tairi lenyewe kulika pembeni. Kipimo sahihi kimeandikwa kwenye kibandiko upande wa mlango wa dereva, na kipimwe kwa geji asubuhi tairi likiwa baridi. Kulipiga teke si kupima. Hapohapo linyanyuliwe gurudumu mojamoja kwa jeki na kuzungushwa kwa mkono: lisilozunguka kwa wepesi lina breki inayoshika, na gari linaburuta breki hiyo kutwa nzima.

Kuhusu mzigo, ukweli una pande mbili. Kilo 350 ni mifuko saba tu ya saruji, na kila mtu ameona kirikuu kikiwa na mifuko zaidi ya kumi na tano. Madereva wana hoja: safari moja yenye mzigo mwingi hutumia petroli kidogo kuliko safari mbili. Kwa hesabu ya petroli pekee, wako sahihi. Lakini klachi, beringi, springi na breki hazikuundwa kwa mzigo huo, na akiba yote inarudi gereji, bila kutaja usalama wa wapita njia. Kwa upande wa mzigo, upotevu mkubwa zaidi uko kwenye safari ya kurudi. Kirikuu kinachopeleka ndizi kutoka Mabibo hadi Mbagala na kurudi kitupu kimetembea nusu ya kilomita zake bila kubeba chochote. Dereva mwenye wateja wawili Mbagala wanaotaka kitu kirudishwe mjini, na simu ya kuwapigia kabla hajaondoka, anabana mafuta kuliko kifaa chochote kinachouzwa.

Vifaa hivyo viachwe dukani. Sumaku za kubana kwenye bomba la petroli, vidonge vya kutumbukiza kwenye tangi, vifeni vya kuzungusha hewa: shirika la mazingira la Marekani limepima zaidi ya vifaa 100 vinavyodaiwa kupunguza matumizi, na ni vichache mno vilivyoonyesha nafuu yoyote, tena ndogo. Gesi asilia ni habari nyingine. Ni nafuu kuliko petroli, na Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, DIT, inafunga mifumo hiyo kwenye magari. Ila mwenye kirikuu akumbuke kwamba mtungi unakula nafasi na uzito kutoka kwenye zile kilo 350.

Haya yote yanajulikana na mafundi wazuri. Yanayokosekana ni makubaliano. Wamiliki wa virikuu waandike kwenye mkataba wa hesabu vitu vitatu: daftari la kilomita na lita likaguliwe kila wiki; plagi, ea klina na oili zibadilishwe kwa ratiba kwa gharama ya mmiliki; na akiba itakayoonekana kwenye daftari wagawane nusu kwa nusu. Vyama vya madereva navyo viudai mkataba wa aina hiyo kabla ya kupokea ufunguo. Mmiliki anayesoma haya leo anaweza kuanza jioni hii, dereva atakapoleta hesabu: anunue daftari na geji ya upepo, avikabidhi vyote viwili, na wakubaliane siku ya kujaza tangi.