MLANGO MPANA SI NJIA FUPI

Wako watu wasemao kwamba shahada ya pili apatayo mtu huku angali kazini ni shahada nusu. Sisi twakataa. Wako na wengine wasemao kwamba shahada hiyo ni rahisi, maana mtu husoma saa apendayo. Hao nao twawakataa, tena kwa nguvu zaidi, maana maneno yao huwapotezea watu fedha na moyo.

Natutazame mfano mmoja. Mwezi wa Januari 2014 chuo cha Georgia Tech, katika mji wa Atlanta, Marekani, kilianza kufundisha shahada ya pili ya sayansi ya kompyuta kwa njia ya intaneti. Gharama yote ilitangazwa kuwa kama dola 7,000, nayo hulipwa somo kwa somo. Fedha hizo si kidogo, lakini ni sehemu ndogo tu ya ada za wale wasomao hapo chuoni. Cheti ni kile kile. Waliokwisha kufuzu wamepita 10,000.

Jambo hili ni kubwa. Karani, mwalimu au fundi mwenye watoto hawezi kuacha mshahara miaka miwili akakae darasani. Zamani aliambiwa achague kitabu au chakula cha nyumbani kwake. Leo aweza kushika vyote viwili.

Lakini hebu tupige hesabu, ndugu. Masomo ni 10, na mwaka una mihula mitatu. Mwenye kuchukua somo moja kila muhula, bila kupumzika, atamaliza kwa miaka mitatu na miezi minne. Mwenye kuchukua masomo mawili kwa mwaka atamaliza kwa miaka mitano. Ikipita miaka sita, muda umekwisha. Tena katika miezi 12 ya kwanza hana budi kufaulu masomo mawili ya msingi kwa alama B au zaidi. Kompyuta haijui kwamba jana mtoto alikuwa na homa. Programu yenye kosa haifanyi kazi, basi.

Kwa hiyo twawashauri wote watakao kujiandikisha, huko au kwingineko. Kwanza, rudieni hesabu, na mjizoeze kuandika programu kabla ya kulipa hata senti moja. Pili, anzeni na somo moja tu. Tatu, patana na mwenzako nyumbani juu ya saa za kusoma, na uzishike kama ushikavyo saa ya mkutano.

Nanyi waajiri, msimcheke mtumishi asinziaye asubuhi kwa sababu alikesha na kitabu. Mpeni nafasi; elimu yake itarudi kazini kwenu.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mlango umefunguliwa, lakini hakuna atakayetubeba kuupita.