Wakili alale, mteja ndiye auziwe nyumba?

Ndugu zangu vijana, serikali hii ikitaka kodi yake haichelewi. Tangu 2021 kodi ya majengo inakatwa kwenye LUKU. Ilianza shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, 2023 ikapandishwa mpaka 1,500. Hakuna hakimu, hakuna wakili. Mpangaji wa chumba kimoja anakatwa kodi ya nyumba ambayo si yake, eti akamalizane na mwenye nyumba!

Haya, sasa mwananchi naye apinge deni. Hapo ndipo utajua sheria ina masharti.

Nikiwa fildi nilikaa na mama mmoja mjane, muuza vitumbua. Alikuwa ameshtakiwa baraza la ardhi kwa malimbikizo ya kodi ya pango la ardhi, kiwanja alichoachiwa na marehemu mumewe. Alikuja na risiti zake kwenye mfuko wa rambo, nyingine zimefifia hazisomeki. Baraza likaamua alipe, la sivyo kiwanja kiuzwe. Akauza cherehani, akamlipa wakili akate rufaa.

Rufaa ya kutoka baraza la wilaya kwenda Mahakama Kuu ina siku 45. Kila akipiga simu anaambiwa, "Mama tulia, kesi iko mahakamani." Kumbe haikuwepo. Ilipelekwa muda umeshapita, ikatupwa. Wakaomba kuongezewa muda, wakakataliwa. Zile risiti hakuna jaji aliyezitazama. Akaniuliza, "Mwanangu, mimi kosa langu ni lipi?" Nilikosa jibu.

Darasani tunafundishwa kwamba uzembe wa wakili si sababu ya kuongezewa muda. Kwenye shauri la Lyamuya Construction, Mahakama ya Rufani iliweka vigezo: ueleze kila siku uliyochelewa, na usiwe mzembe. Sipingi. Bila muda maalumu kesi haziishi, na mawakili wajanja wangechelewesha makusudi. Lakini aliyezembea ni nani? Huyu mama alilipa, akafuatilia, akapiga simu. Tunamwadhibu yeye kwa usingizi wa mtu mwingine.

Na si kwamba mlango haupo. Mahakama hiyohiyo, kwenye Rufaa ya Madai namba 1 ya 2002, ilisema kuna nyakati muda unaweza kuongezwa hata kama wakili alizembea kidogo, kutegemea mazingira ya kesi. Katiba nayo, ibara ya 107A(2)(e), inasema mahakama zisifungwe kupita kiasi na masharti ya kiufundi yanayoweza kukwamisha haki. Tatizo ni kwamba mlango huo wanaujua mawakili wazuri, na mawakili wazuri ni ghali.

Kwa hiyo tudai mambo matatu. Kwanza, kila uamuzi wa baraza uandikwe, kwa Kiswahili, tarehe ya mwisho ya kukata rufaa. Pili, sheria iseme wazi kuwa mteja aliyefuatilia kesi yake asibebeshwe uzembe wa wakili. Tatu, wakili aliyezembea amlipe mteja fidia. Kumpeleka Kamati ya Mawakili akaadhibiwa ni sawa, lakini adhabu hiyo hairudishi kiwanja.

Wakati tunadai, tusaidiane. Ukimpa wakili kazi, mwambie akuonyeshe kontroo namba na risiti ya malipo ya mahakama, na nakala ya rufaa iliyopokelewa. Akikuzungusha, nenda masjala mwenyewe kaulize. Na sisi tunaosoma sheria, kila tawi la vijana liwe na siku ya kuwasomea wazazi wetu karatasi zao bure.

Mama yule bado anauza vitumbua. Na kila akinunua umeme, anakatwa 1,500 yake bila kukosa.