Bibi Hahitaji AC ya Magurudumu, Anahitaji Silingi Bodi

Nimekuwa kimya kidogo, si kwa ubaya, ni maandalizi ya mitihani pamoja na hii baridi ya Iringa inayomfanya mtu asome akiwa ndani ya blanketi. Leo sina stori za kempasi. Nina hoja ya nyumbani kwetu Ilembula, ila naamini itawagusa wengi mnaosoma hapa.

Iko hivi. Kwenye kundi letu la WhatsApp la ukoo limeletwa wazo kwamba tumchangie Bibi AC ya magurudumu. Si ile inayofungwa ukutani. Ni ile inayosimama sakafuni kama kabati dogo, ina bomba nene mgongoni, na unaisukuma kutoka chumba hiki kwenda kile. Baba mdogo aliyeko Dar ameiona dukani, muuzaji akamhakikishia kwamba inapoza na pia inapasha joto. Wajukuu tulioko vyuoni tumepangiwa 30,000 kila mmoja, walioajiriwa laki. Nia ni njema kabisa. Bibi anateswa na baridi ya Juni na Julai, na ikifika Oktoba bati likishika jua chumba chake kinakuwa tanuri. Wote wakaitikia "sawa", kisha mtu akaniuliza: wewe unayesoma ualimu wa fizikia mbona husemi kitu? Basi nasema, na nasema hapana.

Kwa wasiopajua, Ilembula iko wilaya ya Wanging'ombe, mkoa wa Njombe, ule mkoa uliomegwa kutoka Iringa mwaka 2012. Ukitoka Makambako kuelekea Mbeya unaiacha barabara kuu na kuingia ndani. Wengi mnapasikia kwa sababu ya hospitali ya KKKT. Ukilinganisha na Njombe mjini, ambako ni karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, sisi tuko chini na mchana kwetu kuna joto. Ila usiku wa Juni usiombe. Kwa hiyo Bibi kweli ana shida. Ninachobishia mimi ni dawa.

Tuanze na jinsi mashine inavyofanya kazi, maana muuzaji hakusema. Kiyoyozi hakitengenezi ubaridi. Kinachukua joto la ndani na kulitupa nje. Mmarekani Willis Carrier alipotengeneza cha kwanza mwaka 1902, kwa ajili ya kiwanda cha uchapaji kule Brooklyn, shida yake ilikuwa unyevu ulioharibu karatasi, lakini kanuni ni hiyohiyo hadi leo. AC ya ukutani imegawanywa vipande viwili. Kompresa yenye joto na kelele iko nje, na ndani kimebaki kile kinachopuliza ubaridi tu. Ya magurudumu imebeba vyote viwili tumboni, halafu imewekwa chumbani na wewe. Ukiacha bomba lake bila kulitoa nje ni sawasawa na kufungua mlango wa friji ukitegemea jiko lako lipoe. Haitapoa, itazidi kuwa na joto.

Sasa hilo bomba. Zile za bei nafuu zina bomba moja. Zinavuta hewa ya chumbani, zinaipasha moto na kuisukuma nje. Jiulize, hewa iliyotoka inafidiwa na nini? Inaingia nyingine kutoka nje, kupitia chini ya mlango, kwenye nyufa za dirisha na kwenye upenyo kati ya ukuta na bati. Mchana wa Oktoba inaingia ya moto, na mashine inaanza upya. Ndiyo maana Marekani walibadili namna ya kuzipima hizi mashine. Iliyokuwa ikitangazwa kuwa ya BTU 14,000, kwa kipimo kipya unaweza kuikuta na 10,000 au chini yake. Na hapo ni kwenye nyumba iliyozibwa vizuri.

Chumba cha Bibi je? Hakina dari. Ukilala chali unaona kenchi na bati. Dirisha lina nondo na wavu wa mbu. Kile kibao cha kupitishia bomba kimetengenezwa kwa madirisha ya kusukuma ya vioo. Bomba lenyewe lina upana wa kama sentimita 13 au 15, halipiti kati ya nondo. Itabidi ukate nondo au utoboe ukuta. Ukishatoboa ukuta, kuna faida gani tena ya kununua mashine ambayo sifa yake kubwa ni kutotoboa ukuta?

"Lakini inapasha joto pia." Ni kweli, nyingine zinaweza. Zinageuza kazi, zinatupa ubaridi nje na kuleta joto ndani. Ila ya bomba moja bado inasukuma hewa nje, na ile inayoingia kuziba pengo ni hewa ya saa tisa usiku ya Juni. Na kadiri nje kunavyozidi kuwa na baridi ndivyo inavyozidi kulemewa. Yaani siku Bibi anapoihitaji sana ndiyo siku inapochoka.

Twende kwenye pesa, hapa ndipo wachangiaji wanapotulia kimya. Nyumbani kwa Bibi kuna taa, redio na chaji za simu za watu wote wanaopita. Tuseme anatumia uniti 20 kwa mwezi. Kwa bei za D1 zilizowekwa 2016 uniti ni shilingi 100, ukiongeza kodi na tozo 122. Hiyo ni 2,440 kwa mwezi. Sasa mweke mashine inayokula kilowati 1.2, aiwashe saa nne tu kila usiku. Ni uniti 4.8 kwa siku, 144 kwa mwezi. Jumlisha na zile 20, amefika 164. Bei ya shilingi 100 mwisho wake ni uniti 75, baada ya hapo ni 350, yaani 427 ukiweka kodi na tozo. Piga hesabu: 75 za kwanza ni 9,150, na 89 zilizobaki ni 38,003. Jumla 47,153. Na akiendelea hivyo anatolewa D1 na kuwekwa T1, ambako kila uniti ni 292 kabla ya kodi, 356 baada yake. Hapo inakuwa zaidi ya 58,000.

Kutoka 2,440 hadi 47,000! Ni Bibi huyuhuyu anayeuza mahindi kwa debe. Sisi tunaoishi kwa bumu la 10,000 kwa siku tunajua 47,000 ni siku ngapi za kula. Na naomba mniambie ni nani kwenye kundi amejitolea kununua LUKU kila mwezi. Nimepitia meseji zote, hayupo. Anayenunua mashine anapigwa picha nayo. Anayenunua uniti hapigwi picha.

Mengine niyataje haraka. Kelele: kompresa inanguruma hatua mbili kutoka kitandani kwa mtu ambaye usingizi wake wenyewe ni wa kuibia. Maji: inapopoza inakusanya maji ndani, likijaa tangi inajizima hadi umwage. Nani ataamka usiku kumwaga, Bibi mwenye magoti yale? Umeme: mzigo wa wati 1,200 unataka soketi yake na waya mzuri, si ile ekstensheni ya kuchajia simu iliyofungwa gundi ya karatasi. Fundi: ikiharibika, wa kuitengeneza tutampata wapi, na kwa nauli ya nani?

Yote hayo bado ningeyavumilia. Kilichonifanya niandike ni jiko.

Tuseme ukweli tunaoujua wote tuliolelewa mikoa ya baridi. Usiku wa Juni watu wanaingiza jiko la mkaa chumbani, wanafunga mlango na dirisha, wanalala. Bibi anafanya hivyo. Habari za watu kukutwa wamekufa asubuhi, jiko liko pembeni, tumezisikia zaidi ya mara moja. Kinachoua ni kaboni monoksaidi. Haina harufu, haina rangi, haikohozeshi. Inajishika na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, hivyo damu inaendelea kuzunguka bila kubeba kile mwili unachotaka. Mtu anahisi kichwa kizito, anadhani ni uchovu, anajilaza. Mkaa uliokwisha kuwa mwekundu bila moshi ndio watu wanaouamini kwamba ni salama. Si kweli, hata huo unatoa.

Sasa unganisha na AC. Mtu wa kwanza kusema "si ndiyo maana tununue, aachane na jiko" nimemsikia. Lakini uniti zikiisha tarehe 12, baridi itangoja tarehe 30? Umeme ukikatika usiku je? Atarudi kwenye jiko, safari hii kwenye chumba ambacho tumeshamzibia kila upenyo ili mashine ifanye kazi vizuri. Tutakuwa tumemwongezea hatari kwa pesa zetu wenyewe.

Na kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Mashine mpya nyingi za aina hii zinatumia gesi ya propeni, kwenye kibandiko imeandikwa R290. Ni jamii moja na gesi ya kupikia. Haikuwekwa kwa ujinga. Zile gesi za zamani zinachangia sana kulipasha joto anga, ndiyo maana mataifa yalikutana Kigali mwaka 2016 yakakubaliana kuzipunguza, na Ulaya tangu 2020 walizuia kuuza viyoyozi vipya vya kuhamishika vyenye zile gesi kali. Propeni ni nzuri kwa anga na kiasi kinachowekwa ni kidogo. Ila inashika moto, na kibandiko chenyewe kinakataza kuiweka karibu na moto ulio wazi au kwenye chumba kidogo kuliko kipimo kilichotajwa. Sasa iwekwe chumba kimoja na jiko la mkaa na koroboi, baada ya kuruka na matuta ya barabarani kwenye buti la basi kutoka Dar. Hapana jamani.

Sisemi mashine haina kazi popote. Mpangaji wa Dar ambaye mwenye nyumba hataki kusikia habari ya kutoboa ukuta, mwenye mgonjwa ndani na anayeweza kulipia umeme, inaweza kumfaa. Akipata ya mabomba mawili itamfaa zaidi. Wengine humu mna mpango wa kuchangishana geto mkanunue. Sawa, ila angalieni kwanza bomba litapita wapi na LUKU ni zamu ya nani.

Kwa Bibi napendekeza hivi, kwa pesa ileile. Kwanza silingi bodi kwenye chumba chake. Usiku inazuia joto lisipande na kutokea kwenye bati, na mchana wa Oktoba inazuia joto la bati lisimshukie. Kitu kimoja, kazi mbili, hakina uniti. Pili, mlango wake urekebishwe usiache kiganja kizima chini. Tatu, mablanketi mawili mazito na godoro zuri. Nikifundisha somo la joto huwa nawaambia wanafunzi kwamba blanketi halina joto, lenye joto ni wewe. Mtu aliyetulia anatoa joto la karibu wati 100, kazi ya blanketi ni kulizuia lisiondoke. Bibi mwenyewe ni hita, tusimwache wazi. Nne, chupa ya maji ya moto iliyofungwa vizuri na kuviringishwa kitenge, iwekwe miguuni. Tano, jiko libaki jikoni. Aote huko jioni huku mlango uko wazi, kisha aingie kulala bila jiko. Hili la tano ndilo la kwanza kwa umuhimu, na halina mchango.

Najua silingi bodi haina sifa. Mgeni akija hataisifia, na hakuna atakayeirusha kwenye kundi. Sisi tuliotoka kijijini tuna huu ugonjwa wa kuwapelekea wazee vitu ambavyo sisi tunavitamani mjini, halafu tunawaachia wao kazi ya kuvilisha. Ukifika likizo unakuta kitu kimefunikwa kitambaa, juu yake wameweka kalenda.

Baba mdogo, shikamoo. Ukipita hapa ujue sijakuvunjia heshima, nia yako naiheshimu na 30,000 yangu ipo. Naomba tu iende kwa fundi seremala.

Na ninyi wadau mliotoka Njombe, Makete, Mbeya na kwingine kwenye baridi, leo jioni pigeni simu nyumbani. Msiulize wanahitaji nini, watasema wako salama. Ulizeni usiku jiko linalala wapi.

Naomba kuwasilisha.