Goma: orodha ya kazi au ajenda ya siku, simu ishike ipi?

Simu ya mama mmoja wa mtaa wa Ndosho, mjini Goma, ina orodha ya kazi 14. Mama huyo alikimbia vita wilayani Masisi, sasa anaishi na watoto wake kwa jamaa iliyowapokea. Kijana wake anayesoma sekondari ndiye aliyemwekea programu hiyo. Orodha imeandikwa vizuri: kununua makala, kulipa deni la unga kwa jirani, kutafuta sabuni, kuuliza habari za shule, kupeleka mtoto mdogo kwenye chanjo ya surua. Siku ya chanjo ilipofika jioni, kazi tisa zilikuwa zimewekewa alama ya kumalizika. Ya chanjo haikuwa kati yake.

Kesho yake mama alifika kwenye kituo cha afya na mtoto mgongoni. Muuguzi akaangalia kadi ya mtoto akasema: "Mama, chanjo ilikuwa jana. Utarudi siku nyingine ya chanjo." Mama akatoa simu: "Lakini iko hapa, dada. Niliiandika."

Ni kweli aliiandika. Shida ni kwamba aliiandika mahali ambapo kazi yenye saa na kazi isiyo na saa zinafanana. Makala yanaweza kununuliwa leo ao kesho, na sabuni vilevile. Chanjo ya surua haiko hivyo. Chupa moja huwa na dozi za watoto kumi, na ikisha kuchanganywa lazima itumike ndani ya saa sita, kinachobaki kinatupwa. Ndiyo sababu vituo vingi vinapanga siku maalumu, watoto wakusanywe pamoja. Anayekosa siku hiyo anasubiri nyingine, na surua haisubiri, hasa pale ambapo jamaa tatu zinalala katika chumba kimoja.

Siku hizi vijana wengi wa Goma na Bukavu wanapitia mafunzo ya kutumia simu kwa kazi, na wakitoka huko wanawawekea wazazi, kamati na vikundi vya akiba programu za kupanga. Ni jambo jema. Lakini swali moja linarukwa mara nyingi: je, mtu huyu anahitaji programu ya orodha ya kazi, au anahitaji ajenda ya siku? Watu wanachukulia kwamba ni kitu kimoja. Sivyo, na kuchagua vibaya kunaleta hasara.

Programu ya orodha, kama Todoist, Microsoft To Do au Google Tasks, inajibu swali: ni nini kimebaki kufanywa? Ajenda, kama Google Calendar au ile kalenda inayokuja ndani ya simu yenyewe, inajibu swali jingine: ni nini kinafanywa saa hii? Orodha inashika deni, ajenda inashika wakati. Orodha inaweza kurefuka mpaka kazi 100 bila kulalamika. Ajenda haiwezi, kwa kuwa siku ina saa 24 tu, na anayejaza mbili mahali pa moja anaona palepale kwamba hazienei.

Kwa hiyo kipimo cha kuchagua kisiwe uzuri wa rangi wala jina la programu. Kipimo kiwe hiki: saa ya kazi hiyo inashikwa na nani? Ikiwa inashikwa na mtu mwingine, kama vile muuguzi, mwalimu, ofisi au shirika, kazi iende kwenye ajenda na ipigiwe kengele. Ikiwa mwenyewe ndiye anayeamua saa, ikae kwenye orodha.

Mfano wa upande wa pili unaonekana mtaani Majengo. Kijana mmoja anayechomelea milango na madirisha ya chuma alifundishwa kugawa siku yake kwa saa katika ajenda. Saa mbili kukata vyuma, saa nne kuchomelea, saa nane kupaka rangi, saa kumi kupeleka mlango kwa mteja. Umeme ukakatika saa tatu ukarudi saa tisa. Kufika saa sita, simu ilikuwa imepiga kengele kwa kazi ambayo hakuwa na namna ya kuifanya. Baada ya juma moja aliifuta ajenda yote, pamoja na siku aliyomwahidi mteja mlango wake.

Huyo hakukosa nidhamu. Alipewa chombo kisichomfaa. Mtu ambaye siku yake inakatwa na umeme, mvua au hali ya usalama hawezi kugawa saa ambazo si zake. Kinachomfaa ni orodha fupi yenye sehemu mbili, kazi zinazotaka umeme na kazi zisizoutaka. Umeme ukikatika anapima, anakata kwa msumeno wa mkono, anapaka rangi. Ukirudi anachomelea. Katika ajenda yake kunabaki kitu kimoja tu, siku ambayo mteja anakuja kuchukua mlango.

Kuna watakaosema kwamba mambo haya ni ya watu wa ofisi, kwamba jamaa iliyokimbia Rutshuru au Masisi ina shida kubwa kuliko kuchagua programu. Hoja hiyo inaonekana nzito, lakini haiwaangalii watu jinsi wanavyoishi. Mtu wa ofisi akikosa mkutano, wenzake wanamwandikia muhtasari. Jamaa iliyokimbia vita, siku yake inashikwa na wengine kuliko ya mtu yeyote mjini: siku ya kuhesabiwa, siku ya kliniki ya mtoto mwenye utapiamlo, siku ya kupokea msaada, siku ya mwisho ya kuandikisha shule. Kukosa mojawapo kunaweza kuwa kukosa chakula cha mwezi. Wanaohitaji ajenda zaidi ndio hao, na wengi wao walichowekewa kwenye simu ni orodha.

Ajenda hiyo si lazima itumie mega nyingi. Google Calendar na Google Tasks zinafanya kazi hata mtandao ukikatika, kisha zinajisawazisha mtandao ukirudi. Tena kazi iliyoandikwa katika Google Tasks ikipewa tarehe, inaonekana pia ndani ya Google Calendar. Hivyo anayetaka vyote viwili halazimiki kununua kitu. Hata simu ndogo ya vitufe mara nyingi ina kalenda na kengele, na kwa jamaa nyingi hiyo inatosha.

Ila kuna mitego miwili ya saa ambayo wafundishaji waieleze kabla ya yote. Wa kwanza ni hesabu ya Kiswahili. Muuguzi akisema "saa tatu asubuhi", simu inataka 09:00. Anayeandika 03:00 ataamshwa usiku wa manane bure, na saa tatu yenyewe itapita kimya. Wa pili ni saa ya nchi. Mashariki ya Congo iko mbele ya Kinshasa kwa saa moja. Simu iliyowekwa saa ya Kinshasa itachelewesha randevu zote za Goma. Katika mipangilio ichaguliwe Lubumbashi.

Jambo jingine la kufikiria ni siku ya kukimbia. Tarehe 27 Mei 2021, siku chache baada ya volkano Nyiragongo kulipuka, wakaaji wa mitaa 10 kati ya 18 ya Goma waliambiwa watoke haraka. Januari 2025 vita viliingia mjini, na Februari kambi za pembeni mwa Goma zikabaki tupu. Nyakati kama hizo simu inaanguka, inaibiwa, au inazimika siku tano kwa kukosa mahali pa kuchaji. Ajenda iliyofungwa kwenye akaunti inaweza kurudi katika simu nyingine, lakini kwa anayekumbuka neno lake la siri. Na ikiwa akaunti inataka kutuma namba kwenye laini iliyopotea, kuirudisha laini hiyo kunataka kitambulisho, wakati wengi walikimbia bila kadi ya mpiga kura.

Hata kampuni kubwa hazitoi uhakika. Wunderlist ilikuwa programu ya orodha iliyopendwa na watu wengi duniani. Microsoft iliinunua 2015, kisha ikafungwa Mei 2020, na waliokuwa wakiitumia wakaambiwa wahamishie orodha zao kwingine.

Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari bado lina kazi. Randevu za jamaa kwa kawaida hazizidi tano au sita kwa mwezi. Ziandikwe pia kwenye kaye ya shule au nyuma ya kadi ya chanjo. Kaye haihitaji umeme, na mtoto anayejua kusoma anaweza kumkumbusha mama yake.

Kwa kamati za waliokimbia vita na vikundi vya akiba, chaguo ni lingine kidogo. Wao wanahitaji orodha ya pamoja, kwa sababu shida yao kubwa ni kujua nani ameahidi nini. Wengi wanapangia kazi ndani ya kikundi cha WhatsApp. Asubuhi mtu anaandika "nani ataleta chokaa ya vyoo?", wanane wanajibu kwa vidole gumba, na jioni ombi limefunikwa na salamu na picha za harusi. Chokaa haikuletwa, na hakuna wa kuulizwa. Orodha yoyote ni bora kuliko hiyo, mradi kila kazi iwe na jina la mtu mmoja. "Kamati itashughulikia" maana yake hakuna atakayeshughulikia.

Lakini hapo hapo uangalifu unahitajika. Orodha ya kazi iandike kazi, isiandike maisha ya watu. Majina ya jamaa zilizofika jana, vijiji walivyotoka, wanapolala, mwanamke aliyepelekwa hospitali na kwa sababu gani, hayo hayana nafasi katika programu inayofunguliwa na watu ishirini, wala katika simu inayoweza kukaguliwa kwenye kizuizi cha barabarani. Kuandika "kumpeleka mgonjwa, saa mbili" kunatosha.

Limebaki jambo moja, nalo haliwahusu waliokimbia peke yao. Ajenda ina pande mbili. Mashirika na ofisi nyingi zinazowafundisha watu kupanga wakati ndizo zinazowaita "asubuhi" bila kutaja saa, kisha gari linafika alasiri. Wanawake wanakaa juani tangu saa kumi na mbili, wamefunga biashara ya sombe, wameacha watoto kwa majirani. Baadaye mtu anakuja kuwafundisha kwamba wakati ni mali. Wakati wao ni mali kweli, na umeliwa. Mtu aliyesubirishwa hivyo mara nne hawezi kuamini ajenda yoyote, na ana haki.

Kwa hiyo anayetaka jamaa zishike saa aanze kwa kutoa saa. Tangazo la ugawaji liseme tarehe, saa kwa Kiswahili na kwa namba za simu, mahali, na karatasi za kuleta. Watu waitwe kwa mafungu: hawa saa tatu, wale saa tano. Saa ikibadilika, wajulishwe kwa redio, kwa megafoni na kwa ujumbe kabla hawajatoka nyumbani. Hakuna programu inayofanya hayo. Ni uamuzi wa mtu mwenye gari na orodha ya majina mkononi.

Kwa jamaa zenyewe, mpango unaweza kuwa mwepesi. Kwenye ajenda ziingie randevu tu, zile ambazo mwingine ameshika saa yake, na kila moja iwe na kengele mbili: moja jioni ya jana yake, ya kutayarisha kadi na nauli, nyingine asubuhi yenyewe, kabla ya saa ya kutoka. Kwenye orodha ya leo zibaki kazi tatu. Nyingine zingoje upande wa pili wa ukurasa, zisipige kelele. Jioni, dakika tano za kuangalia kesho kuna nini zinatosha.

Mama wa Ndosho bado ana orodha yake, na kazi ya sabuni bado haijawekewa alama. Lakini chanjo ya surua imetoka humo. Kijana wake ameihamishia kwenye kalenda ya simu, kengele ya kwanza jioni, ya pili saa kumi na mbili asubuhi, iliyoandikwa 06:00. Na kwa sababu simu inaweza kukosa moto siku hiyo, mama ameomba mwenye nyumba aandike tarehe ileile kwa makala ukutani, karibu na mlango.