Kijiji Chako Nani Amekiandika?

Msimu wa field ukikaribia, kantini yetu huwa na swali moja tu: "Umepangiwa wapi?" Aliyepangiwa benki au wizarani anapongezwa mpaka anatakiwa awanunulie watu soda. Aliyepangiwa Kisarawe au Kibaha Vijijini anapewa pole kama aliyefiwa. "Dah, pole sana mwanangu, wiki zote hizo utakaa porini?" Watu wanacheka, naye anacheka, maisha yanaendelea.

Mimi huwa sicheki, na si kwamba sina utani. Mzaramo asiye na utani bado hajazaliwa. Sicheki kwa sababu kwetu ni Kisarawe, upande wa Mzenga, na hilo neno "pori" najua linavyofanya kazi likitoka kantini na kuingia kwenye mafaili ya ardhi.

Muhula uliopita nilikuwa maktaba natafuta kitu kingine kabisa, nikakutana na juzuu moja la historia ya vijiji vya Uingereza. Ni sehemu ya mfululizo unaoitwa Victoria County History. Ulianza mwaka 1899, leo uko chini ya Chuo Kikuu cha London, na bado haujaisha, maana wanaandika mkoa kwa mkoa, kijiji kwa kijiji. Nikasoma kurasa za kijiji kimoja kidogo tu: kanisa, baa, nyumba chache. Lakini imeandikwa shamba lipi lilikuwa la nani, kinu kilikuwa wapi, njia ya miguu inapita wapi, nani alihama na kwa nini. Wenzetu walianza zamani. Mwaka 1085 mfalme wao William aliamuru nchi ihesabiwe, kikatoka kitabu cha Domesday kinachotaja zaidi ya maeneo 13,000. Tangu 1538 kila parokia ikatakiwa kuweka daftari la ubatizo, ndoa na mazishi.

Nilirudisha kitabu kwenye shelfu, swali likabaki kichwani: cha kwetu kiko wapi?

Likizo ilipofika nikamuuliza bibi.

"Bibi, hiki kijiji kimeanza lini?"

"Kijiji kipi, mume wangu? Hiki cha serikali au chetu?"

Hapo ndipo nilipojua kwamba nimekulia mahali nisipopajua. Hiki "cha serikali" ni nyumba zilizopangwa kando ya barabara, ambako watu waliletwa wakati wa Operesheni Vijiji, katikati ya miaka ya 1970. Kabla ya hapo kila ukoo ulikaa kwenye mashamba yake, mbalimbali. Kesho yake bibi akanitembeza. Tulikwenda karibu saa nzima kwa miguu, akawa ananionyesha mahame: hapa palikuwa kwa fulani, pale kwa fulani, kisima chao kile, makaburi yao yako nyuma ya ule mnazi. Alama yake kubwa ilikuwa miembe. "Mwembe haujioteshi kwenye mstari, mume wangu. Ukiuona umekaa hivi, jua palikuwa na mtu." Njia ile nimepita tangu utoto nikienda kutafuta kuni, na siku zote nilichokuwa nakiona ni vichaka tu. Hata mimi nilikuwa naita pori.

Sasa ukienda vitabuni kutafuta Uzaramo, si kwamba hukuti kitu. Utasoma kwamba mwaka 1902 Wajerumani walianzisha mashamba ya pamba ya kulazimishana katika wilaya ya Dar es Salaam, na kwamba jumbe Kibasila, ambaye sekondari ya Temeke imebeba jina lake, alikuwa miongoni mwa viongozi wa Uzaramo katika Vita vya Maji Maji. Utasoma kuhusu wamisionari wa Kilutheri waliofika Maneromango mwishoni mwa karne ya 19, chuo cha Minaki kilichofunguliwa na Waanglikana mwaka 1925, na TAZARA iliyojengwa ikapita na kituo chake Mzenga. Kwa Kibaha utasoma kuhusu reli ya Wajerumani, na mradi wa nchi za Nordiki wa mwaka 1963 uliozaa Shirika la Elimu Kibaha, ambao Tanzania ilikabidhiwa mwaka 1970. Siku hizi utasoma kuhusu treni ya SGR na bandari kavu ya Kwala.

Ukiangalia vizuri, karibu yote ni historia ya vitu vilivyokuja au vilivyopita. Reli ina tarehe, shule ina tarehe, bandari kavu ina tarehe. Watu waliokuwepo pale wakati reli inapita, ambao mashamba yao yalikatwa katikati, hawana ukurasa. Hata mwana hiti, kile kinyago cha mwali wa Kizaramo, kinawekwa kwa uangalifu kwenye makumbusho ya Ulaya na namba yake ya kumbukumbu. Kijiji alikotoka huyo mwali hakina namba.

Mtu atasema: haya, ni mambo mazuri ya watu wa Historia, sisi wa Uhasibu na Sheria yanatuhusu nini? Wa Sheria, njoo hapa kwanza.

Mwaka 1999 Bunge lilipitisha sheria mbili za ardhi, Namba 4 na Namba 5. Namba 5, Sheria ya Ardhi ya Vijiji, inasema ardhi ya kijiji ni pamoja na ile ambayo wanakijiji wamekuwa wakiikalia na kuitumia kwa kawaida katika miaka 12 kabla ya sheria hiyo, hata kama imepumzishwa kulimwa, au ni ya malisho, au ni njia ya kupita. Vizuri sana. Lakini Namba 4, ikieleza maana ya ardhi ya jumla, ile iliyo chini ya usimamizi wa Kamishna wa Ardhi, inaingiza humo pia ardhi ya kijiji "isiyokaliwa wala kutumika". Soma sentensi hizo mbili pamoja, halafu kumbuka yale mahame ya bibi. Nani ataamua kwamba panatumika au hapatumiki? Na atatumia ushahidi gani? Sheria yenyewe inauliza swali la historia: mlikuwa mnafanya nini hapa, tangu lini? Kijiji kitajibu kwa kumtegemea mzee mmoja mwenye kumbukumbu nzuri, kama bado yupo hai.

Kisarawe tumeshapita huko. Kampuni ya Kiingereza iitwayo Sun Biofuels ilikuja kutafuta ardhi ya kulima mibono kwa ajili ya mafuta. Zaidi ya hekta 8,000 kutoka vijiji 11 zilihawilishwa kuwa ardhi ya jumla, na mwaka 2009 kampuni ikapata haki ya kuitumia kwa miaka 99. Watu waliahidiwa ajira, shule, zahanati na visima. Mwaka 2011 kampuni ilikwama, mamia ya wafanyakazi wakabaki bila kazi, na mradi ukauzwa kwa wengine. Wanakijiji walilalamika kuhusu fidia, na kuhusu visima na makaburi ya wazee wao yaliyobaki ndani ya shamba. Ahadi ya ajira ilikufa ndani ya miaka miwili. Ardhi haikurudi kirahisi hivyo, kwa sababu ikishahawilishwa si ya kijiji tena.

Sisemi kwamba kitabu kingezuia mkataba. Umaskini na ahadi tamu vina nguvu kuliko kitabu. Lakini kaburi lililoandikwa mahali fulani, na ramani yake, na sahihi za mkutano mkuu wa kijiji, linakuwa jambo la kuzungumza kabla ya mkataba. Kaburi linalojulikana na bibi peke yake linakuja kuwa malalamiko baada ya mkataba. Inaniuma zaidi nikikumbuka kwamba kampuni ile ilitoka kwenye nchi ambako kijiji chenye baa moja kina historia yake iliyochapishwa.

Kibaha hali ni nyingine, lakini mzizi ni uleule. Huko hasubiriwi mwekezaji wa hekta 8,000, kinachokuja ni viwanja. Kando ya Barabara ya Morogoro, vijiji vimekuwa mitaa. Kijiji kikishageuka mtaa, mkutano mkuu wa kijiji uliokuwa na sauti juu ya ardhi haupo tena. Ukipanda daladala utasikia konda akiita vituo: Kwa Mathias, Picha ya Ndege, Kwa Mfipa. Tunashuka, tunavuka barabara, tunaenda zetu. Huyo Mfipa alitoka Rukwa akafuata nini Pwani? Alimkuta nani? Sehemu imebeba jina la mtu, na maelfu wanalitaja kila siku, lakini ukiuliza ndani ya gari hupati wa kukujibu.

Kuna hoja moja dhidi yangu nisiyoweza kuikwepa. Uingereza iliandika kila kitu, na bado katika karne ya 18 na 19 wanakijiji maskini walinyang'anywa malisho yao ya pamoja kwa sheria za Bunge, wakazungushiwa uzio, wengine wakaishia viwandani mijini. Domesday yenyewe haikuandikwa kwa mapenzi ya wanakijiji. Mfalme alitaka kujua mali iko wapi na kodi atachukua kiasi gani. Na Wajerumani nao walikuwa waandishi wazuri tu wa hesabu za kodi na pamba. Kwa hiyo kuandika peke yake si ulinzi. Ramani inayomsaidia mwanakijiji inaweza kumsaidia dalali vilevile. Swali ni nani anaandika, kwa lugha gani, na nakala anabaki nayo nani.

Hapo ndipo sisi tunapoingia, na hapo tuna aibu yetu. Kila mwaka tunakwenda vijijini na madodoso. Tunawakalisha wazee chini ya mwembe, tunawauliza maswali arobaini, wanatutafutia hadi viti. Tunarudi chuoni tunaandika ripoti kwa Kiingereza, tunapata alama, ripoti inakaa kabatini. Mzee aliyetoa maneno yale hatayaona tena, na hata akiyaona hatayasoma. Tofauti yetu na wale waliokuja kuhesabu pamba ni kwamba sisi tunasalimia vizuri.

Napendekeza mambo matatu, na hakuna hata moja linalosubiri bajeti ya serikali.

La kwanza, kila mwanafunzi anayefanya field au tasnifu kijijini aache nakala ya Kiswahili kwenye ofisi ya kijiji, hata ikiwa ni kurasa nne. Isomwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji, ambao kwa utaratibu hukutana kila miezi mitatu, watu waikosoe, irekebishwe, iingie kwenye faili la mtendaji.

La pili, idara zetu zikubali historia ya kijiji kuwa mada halali ya tasnifu, si ya wanafunzi wa Historia peke yao. Wa Jiografia achore mahame na visima, simu yako ina GPS. Wa Sheria aandike mipaka ilivyokuwa na ilivyobadilika. Wa Kiswahili arekodi majina ya mahali na sababu zake. Na wazee wapewe haki ya kusema "hili usiandike". Mambo ya unyago yana wenyewe, na mahali pa kaburi pabaki mikononi mwa kijiji kwanza, si mtandaoni.

La tatu ni la serikali yetu ya wanafunzi. Gazeti hili lina kurasa za kutosha kwa picha za bonanza. Ukurasa mmoja kila toleo uwe wa kijiji kimoja. Tanzania ina zaidi ya vijiji 12,000, hatutavimaliza. Lakini wale wa London wameanza 1899 na hawajamaliza, na hakuna anayewacheka.

Bibi yangu hajui mwaka aliozaliwa. Anachojua ni kwamba siku ya operesheni tayari alikuwa na watoto wawili. Nimeshajaza daftari moja la kwake, la pili nimelifungua juzi. Kwa hiyo wewe uliyepangiwa Kisarawe mwaka huu, usikubali kupewa pole. Nitafute kabla hujaondoka. Nitakuelekeza usafiri, nitakwambia mihogo ya kuchoma unaipata wapi, na nitakupa swali la kuanzia: "Hiki cha serikali, au chenu?"